Mzee Duara na Nukta za Bustani

Mimi ni mdadisi. Wenye adabu ndivyo wanavyoniita. Wasio nayo wanasema mbea, na sigombani nao, maana nikigombana nao nitakosa habari. Jambo nisilolielewa hunikaa kooni mpaka nilitoe, na hakuna aliyenikaa kooni muda mrefu kama shemeji yangu, mume wa dada yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka miti rangi kwenye bustani ya umma.

Usidhani ni rangi ya urembo. Hiyo bustani yenyewe ni bustani kwa jina tu. Ni msitu mzima ulioachwa katikati ya mji, una njia za watembeaji, mabenchi, na lango la chuma ambalo halijawahi kufunga vizuri tangu nilijue. Kila mwaka, mvua zikishakatika na ardhi ikawa ngumu, wanakata baadhi ya miti ili mingine ipate mwanga na nafasi. Hawafyeki. Wanatoa mmoja hapa, mmoja kule, na magogo yanauzwa ili bustani ijitunze. Sasa lazima awepo mtu wa kusema huu uende, huu ubaki. Mtu huyo ndiye shemeji. Rangi nyekundu ilikuwa ya kwenda, ya kijani ilikuwa ya kubaki.

Mtaani tulimwita Baba Mapacha, kwa ajili ya vijana wa dada ambao wameshaoa na kuhama. Kazini walimwita Mzee Duara. Hilo jina ndilo lililonianzishia maswali.

Nilihamia kwao baada ya kuachana na mume ambaye simwelezi hapa, asije akajiona wa maana. Nilikuja na cherehani yangu na masanduku ya vitambaa, nikapewa chumba cha mbele chenye dirisha la barabarani, ili wateja wanione nikishona. Dada yangu anapiga pasi kwa dobi. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa nyumba ya nguo: mimi nashona, yeye ananyoosha, na katikati yetu mwanamume mmoja ambaye nguo hazimhusu hata kidogo.

Wiki yangu ya kwanza pale alitoka chumbani asubuhi amevaa soksi moja nyekundu na nyingine ya kijani. Nikamwambia, "Shemeji, leo kuna sherehe?"

Akajitazama miguuni, kidogo tu, akasema, "Ndiyo mtindo wa sasa. Nyie mafundi mmepitwa na wakati." Akachukua kofia yake akaenda zake.

Nilicheka, maana shemeji ni wa kutaniwa na yeye kwa utani alikuwa hashindiki. Lakini soksi zile zilirudi tena. Halafu zikaja nyanya. Ukimtuma sokoni nyanya anasimama mbele ya fungu anabonyeza moja moja kwa kidole gumba, na macho anayaelekeza kwingine kabisa. Mama muuza nyanya alishamfokea mbele yangu: "Mzee, unanunua au unakanda?" Na pamoja na kubonyeza kote huko, kati ya nyanya alizoleta hazikukosekana mbichi. Dada anazitazama, ananitazama mimi, anasonya.

Kisha nikaanza kusikiliza anavyoongea. Hakuwa na rangi mdomoni. Shati lake lilikuwa "lile la giza". Taulo lilikuwa "lile lililofifia". Kitambaa cha mteja alichonipokelea mlangoni kilikuwa "kile chenye mistari minene". Nilijiuliza, hivi mtu anashinda kutwa na makopo ya rangi, akirudi nyumbani hataki hata kuzitaja? Nikasema labda amezichoka, kama mpishi asiyekula akifika kwake.

Dada alikuwa na jibu lake, na halikuwa la kuchekesha. Pacha wa pili alipokuwa anaoa, nilimshonea dada gauni la rangi ya damu ya mzee, ule wekundu uliokolea, lenye kola ya kijani kibichi. Ni kazi ambayo mpaka leo naijivunia. Ukumbi mzima uligeuka. Wanawake nisiowajua walinifuata hadi mlangoni kuuliza fundi ni nani. Mume wake alimtazama kuanzia juu hadi chini, akameza mate, akasema, "Limekukaa vizuri. Kitambaa kizito."

Kitambaa kizito! Nilimkuta dada chooni anajifuta macho. Akaniambia, "Mdogo wangu, huyu mtu hanitazami. Sijui aliacha lini. Naweza kuvaa gunia, ataniambia ni gunia zito." Gauni lile lilirudi kabatini, halikuvaliwa tena. Niliumia kwa ajili yake, na kwa ajili ya gauni pia, sifichi.

Siku moja nikamuuliza shemeji waziwazi kwa nini anaitwa Mzee Duara. Akanijibu, "Njoo uone. Ila usivae viatu vya kisigino."

Nikaenda. Alinikaribisha langoni amebeba makopo mawili ya rangi, kila mkono kopo lake, na brashi ndefu mfukoni. Mpini wa kopo moja ulikuwa umezungushiwa waya.

"Na huo waya?" nikauliza.

"Wa bahati," akasema.

Tuliingia ndani sana, mahali ambapo huwezi kusikia barabara. Alifika kwenye mti mmoja akauzunguka. Akarudi nyuma, akauzunguka tena upande mwingine. Mimi nilikuwa nakagua shina, nikaona limenyooka, safi, nikasema moyoni huu unabaki. Akacheka. "Shemeji, watu wote wanaangalia chini. Angalia juu. Tazama vichwa."

Nikatazama. Juu kule matawi ya miti mitatu yalikuwa yamebanana, na ule wangu mnyoofu ulikuwa katikati, umekosa pa kutanua, majani yake machache yamejikusanya kileleni. "Huu umerefuka kwa kukimbilia jua," akasema. "Hauna nguvu, na hao wenzake wanauchoka. Ukitoka, wote wawili watanenepa." Akachovya brashi kwenye kopo lisilo na waya, akapiga mstari wa mshazari kwenye shina, usawa wa kifua. Kisha akainama akapiga mstari mwingine chini kabisa, karibu na mizizi.

"Mara mbili ya nini?"

"Wa juu utaondoka na gogo. Wa chini utabaki kwenye kisiki. Meneja akipita baadaye anakagua visiki. Kisiki kisicho na rangi ni cha mwizi."

Hapo nilinogewa. Niliuliza kila kitu. Tulifika kwenye mti mkavu, umejaa matundu, hauna jani hata la dawa, na yeye akachovya kwenye kopo la waya akauzungushia duara la kijani shina zima. Nikamwambia, "Baba Mapacha, huu si umeshakufa?"

"Umekufa ndiyo, lakini una wapangaji." Na kweli, ndege mmoja alitoa kichwa tunduni akatutazama vibaya, kama aliyebishiwa hodi wakati wa kula.

Halafu akanionyesha aliouita mti mama. Ulikuwa mnene, umetanua mikono pande zote, na chini yake miche midogo ilikuwa imejaa, huwezi kukanyaga. Akasema ile miche ni watoto wake, na kila upande wa bustani lazima uwe na mama zake, kwa sababu mama akikatwa kimakosa, upande ule unabaki kusubiri mbegu za kuletwa na ndege. Akauzungushia duara polepole sana, bila kuacha pengo.

Mimi bado kitu kilinikwaruza. "Nyekundu ni ya kukata, kijani ni ya kubaki. Si inatosha? Duara na mstari vya nini tena?"

Alipanguza brashi kwenye nyasi mpaka ikakauka. "Mvua hufubaza rangi," akasema. "Duara ni duara."

Ni jibu zuri. Nililimeza, lakini halikushuka lote.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote nilikiona siku nyingine, wakati wa kukata. Mkata miti wao aliitwa Ngurumo, jitu la mabega mapana, lina sauti nyembamba ya msichana. Huyo Ngurumo hawashi msumeno wake wa mashine mpaka aliyepaka rangi akabidhi mti. Shemeji anaufuata mti, anatazama alama, anaweka kiganja wazi juu ya gome. Ngurumo anauliza, "Ndiyo huu?" Shemeji anajibu, "Ndiyo huu." Kisha anarudi nyuma. Hivyo hivyo kila mti, siku nzima, bila kuchoka. Siku ambayo aliyepaka rangi anaumwa, kazi haifanyiki. Nilimuuliza Ngurumo kwa nini wasiifupishe. Akasema, "Mama, mti ukishalala hausimami."

Mambo yakabadilika alipokuja meneja mpya. Watu wangependa nimseme vibaya, lakini sina la kumsema. Alikuwa binti mdogo, buti zake hazikosi tope, na kazi aliijua. Tatizo ni kwamba watembeaji walikuwa wanalalamika. Walisema msitu umechorwachorwa kama ukuta wa choo cha stendi. Kulikuwa na mwalimu mstaafu mwenye mbwa ambaye kila asubuhi alikuja ofisini kusema hayo, na pia kuwaita wote wauaji wa miti. Meneja akaamua: mistari basi, maduara basi, na ya zamani yasuguliwe yatoke. Itatumika rangi ya kupuliza, nukta moja ndogo kila mti, juu na chini. Nyekundu au kijani. Inaonekana na wenye kazi, haimuudhi mtembeaji.

Jioni ile shemeji alirudi na makopo mawili membamba ya kupuliza. Aliyaweka mezani akayatazama, chakula kikapoa. Dada akamuuliza anaumwa? Akasema hapana. Kisha nikamwona anafungua droo, anatoa mpira wa kufungia noti, anasoma maandishi ya kopo moja, anauvisha. Nikasema haya, jana waya, leo mpira. Kuna jambo.

Alipuliza nukta zake wiki kadhaa, bustani nzima, akirudi amejaa harufu ya rangi na hana maneno. Utani ulikwisha. Ukimwambia soksi zake, anazivua.

Siku mbili kabla ya kukabidhi miti, Jumamosi mchana, dada akiwa kwa dobi, nilikuwa nashona sare za wateja na shemeji amekaa karibu na dirisha. Kwenye boksi langu la uzi zilibaki rola mbili tu, kubwa sawasawa. Bila kufikiri nikasema, "Shemeji, nirushie uzi mwekundu hapo."

"Upi?"

"Mwekundu."

Aliinua moja, akaipima mkononi. Akaiweka. Akainua nyingine, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, kwa uzi! Mwishowe akanirushia. Nikaudaka. Ulikuwa wa kijani.

Mguu wangu ulisimama kwenye cherehani. Soksi, nyanya, waya, mpira, kitambaa kizito, vyote vilinijia kwa mkupuo. Nikainuka nikachukua zile rola mbili, nikazichanganya nyuma ya mgongo, nikamnyooshea. "Na sasa? Mwekundu ni upi?"

Hakujaribu hata. Alihamia kwenye kiti cha wateja akakaa kama mtu aliyeshushwa mzigo na kubebeshwa mwingine.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu nizaliwe. Nyekundu na kijani kwangu ni kitu kimoja. Zote ni kama rangi ya ugoro. Shuleni nilichora ng'ombe wa kijani, wakanicheka mpaka nikahama darasa." Akavuta pumzi. "Bustanini niliingia kama mpanda miche. Mche haukuulizi rangi. Nilipopewa makopo, niliogopa, nikajiwekea duara na mstari kabla mtu hajagundua. Wakapenda. Wakanipa na jina."

Mwenzenu nilikuwa nimeshika mdomo. Mtu wa rangi haoni rangi! Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, na zaidi ya yote nilitaka kuuliza maswali mia. Jani lililokauka analiona vipi? Machweo je? Lakini uso wake ulinizuia.

"Na nukta?"

"Kupuliza nilipuliza sawa, mpira haukosei. Ila Jumatatu nakabidhi. Nitasimama mbele ya mti, nukta naiona, inasema nini sijui. Nikimpa Ngurumo mti mama, ndiyo umekwenda."

"Mwambie meneja."

"Nimwambie nini? Mtu wa kupaka rangi asiyeona rangi, nani atamwacha kazini? Nimebakiza kidogo nistaafu. Watanicheka bustani nzima, kisha watanitoa." Akatikisa kichwa. "Miti nimeishika yote kichwani, mmoja mmoja. Nitaitambua kwa vichwa vyake."

"Basi mwambie dada."

"Yeye ndiye kabisa hapana." Alisema kwa ukali, kisha akashusha sauti. "Shemeji, nakuomba. Niahidi."

Nikaahidi.

Jumatatu dada alipotoka kwenda kwa dobi, nilibandika karatasi dirishani kwamba fundi amepata dharura, nikaenda bustanini. Walikuwa wamezungusha utepe wa manjano, na watu wamejipanga nje yake kutazama. Mwalimu mstaafu alikuwepo na mbwa wake, anasema wauaji, wauaji, mbwa anaitikia. Meneja alisimama pembeni na kofia yake ngumu. Shemeji hakuniona.

Miti ya mwanzo ilikwenda vizuri. Ule uliopinda, ule uliooza kiunoni, ule uliobanwa. Hiyo hata mimi ningeijua. Anatazama juu, anaweka kiganja. "Ndiyo huu?" "Ndiyo huu." Ngurumo anawasha, vumbi la mbao linaruka, mti unalala pale pale anapoutaka. Nikaanza kupumua. Nikasema kumbe kichwa chake kina nafasi.

Wakafika karibu na benchi. Hapo kulikuwa na miti miwili imesimama jirani, minene sawa, kwa mbali huwezi kuitofautisha. Mmoja ulikuwa na nukta nyekundu. Mwingine, wenye miche miguuni, ulikuwa na nukta ya kijani. Lakini miche ilikuwa imefunikwa na matawi ya mti ulioanguka muda mfupi kabla, na huko juu anguko lake lilikuwa limeacha uwazi mkubwa wa anga. Ndipo nilipoelewa. Shemeji alikuwa amekariri vichwa jinsi vilivyobanana. Sasa kubanana hakukuwepo. Kila mti aliouangusha ulikuwa umembadilishia picha.

Alizunguka. Akarudi. Akainua uso, akaugeuza, akazunguka tena. Ngurumo alimsubiri na msumeno mkononi. Kisha shemeji akaweka kiganja kwenye mti wa nukta ya kijani.

"Ndiyo huu?"

Aliinua uso kutazama juu mara nyingine. "Ndiyo huu."

Ngurumo akashusha kinga ya uso, akawasha. Nilifikiria ahadi yangu. Sisemi uongo, niliifikiria, na niliuona uso wa shemeji kwenye kile kiti cha wateja. Kisha msumeno ukauma gome, na mimi nikajikuta nimeshapita chini ya utepe.

"Shemeji! Huo ni wa kijani! Huo unabaki! Acheni!"

Ngurumo amevaa vizuia kelele, atasikia wapi. Meneja alinidaka mkono nisifike kwenye msumeno, na wakati huo huo akatazama nilikokuwa nanyoosha kidole, akaiona nukta. Akainua mkono mwingine juu, akaupunga kwa nguvu. Mashine ikazimika.

Gome lilikuwa limechanika, jeraha la upana wa kiganja, halijaenda ndani sana. Meneja alilipapasa. "Mzee," akasema, "hii si kijani?"

Shemeji angeweza kusema jua limempiga. Angeweza kusema amechoka, na wangemwamini, kwa heshima waliyokuwa nayo kwake. Aliniangalia mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na mdomo wangu. Kisha akaniita kwa kidole, nikasogea.

"Shemeji," akasema, na kila mtu anasikia, "hii ni rangi gani?"

Miaka yote niliyoishi naye, sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu swali hilo.

"Kijani," nikasema.

"Na ile pale kwenye jirani yake?"

"Nyekundu."

Akawageukia. "Mimi sizioni. Zote mbili kwangu ni moja, tangu nizaliwe. Ndiyo maana nilikuwa nachora."

Ngurumo alivua kofia akajikuna kichwa. "Kumbe!" akasema kwa ile sauti yake nyembamba. "Mimi miaka yote nilidhani unapenda kuchora tu." Watu wakacheka. Wengine walicheka naye, wengine walimcheka yeye, na hao niliwaweka akilini mmoja mmoja. Kisha Ngurumo akamwambia meneja kwamba hata yeye, akishafunika uso na vumbi likishaanza, rangi haioni vizuri, anasoma umbo. Nukta zile zilimtia hofu tangu zilipokuja, ila hakujua aseme nini.

Meneja alisimamisha kazi. Akaketi kwenye gogo, akamwomba shemeji aketi naye, akaanza kumuuliza. Jani bichi unalionaje? Gome lenye ugonjwa unalijuaje? Makopo ulikuwa unayatofautishaje? Maswali yangu yale yale! Nilimpenda hapo hapo, maana mdadisi mwenzangu namjua nikimwona. Shemeji alijibu, mwanzoni kwa shida, halafu akawa hanyamazi.

Mwishowe binti akasema, "Lakini kwa nini tulikuwa na makopo mawili muda wote huu? Duara na mstari si vinatosha kwa rangi moja?"

Tukatazamana. Wakakubaliana iwe nyeupe, michoro iwe myembamba kwa ajili ya watembeaji, na shemeji aipitie upya miti yote kabla msumeno haujawashwa tena. Meneja hakuficha kwamba itabidi awaeleze wakubwa wake kilichotokea, na hakuahidi watasemaje. Lililetwa kopo la rangi nyeupe. Mti wa kwanza kupakwa ulikuwa ule uliojeruhiwa. Shemeji aliuzungushia duara juu kidogo ya jeraha, bila kuacha pengo.

Njia nzima ya kurudi nilimwomba radhi. Akaniambia, "Nyamaza, shemeji, unanichosha." Kwa hiyo nikajua amenisamehe. Kisha akasema, "Sasa amebaki dada yako."

Mtaa wetu hauhitaji redio. Dada alikuwa ameshafika, amesimama chumba cha mbele na pochi yake bado begani.

"Ni kweli?" akamuuliza.

"Ni kweli."

Akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Tangu juzi tu, dada."

"Juzi! Fundi cherehani anaambiwa juzi, mimi napashwa habari na wateja wa dobi!" Pochi ikatupwa kwenye kiti. Akamgeukia tena mume wake. "Nimesimama mbele yako na kila aina ya nguo. Nilikuwa najua hunitazami. Nilidhani umenichoka, na mimi nikakaa nalo moyoni miaka yote hiyo."

"Nilikuwa nakutazama," shemeji akasema. "Niliogopa nitataja rangi siyo, ungegundua."

"Ningegundua, halafu?"

Dada akaingia chumbani akaubamiza mlango, kalenda ikaanguka ukutani. Mimi nikataka kutoka niwaachie nyumba yao. Shemeji akanionyesha kwa mkono nikae, nadhani aliogopa kubaki peke yake. Tukasikia kabati linafunguliwa. Tukasikia hanga za nguo zinagongana.

Dada alitoka amevaa gauni la harusi ya pacha. Lilikuwa limekunjamana, yeye anayewanyooshea watu wote wa mji huu nguo zao. Akaenda kusimama dirishani, penye mwanga, akamgeukia mumewe. Macho yalikuwa mekundu, kidevu kiko juu.

"Haya," akasema. "Uliza."

Shemeji akakohoa. Akainuka, akasogea karibu. "Ni rangi gani hiyo?"

"Damu ya mzee."

"Damu ya mzee," akarudia polepole, kama anayejifunza jina la mgeni. Akamtazama kwa muda mrefu, mpaka dada akaanza kushikashika mkono wa gauni. "Na kola?"

Kola niliishona mimi kwa mkono wangu. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikainama chini ya cherehani nikajifanya natafuta sindano, nikamwacha dada amjibu mwenyewe.